Gatsby Alipewa Penzi, Akalikataa

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu mlioketi mbele, dada zangu na kaka zangu mliotoka kazini mkapambana na foleni ya magari mpaka mkafika hapa jioni hii, asanteni kwa kunipa nafasi.

Mwezi uliopita tulipomaliza kusoma The Great Gatsby tuliachana tukiwa bado tunabishana. Wengine walisema hakujawahi kuwa na mwanamume aliyependa kama Jay Gatsby. Wengine wakasema yule alikuwa amepagawa tu. Nimeombwa nitoe kauli yangu, na nitaitoa mapema ili pasiwe na wa kuisubiri: Gatsby hakumpenda Daisy. Alimwabudu, alimtamani, alimngoja, alijitajirisha kwa ajili yake, na mwishowe akauawa kwa kosa ambalo Daisy ndiye aliyelifanya. Hayo yote siyapingi. Lakini siku Daisy alipomtolea penzi lake waziwazi, mbele ya watu, Gatsby alilikataa. Maneno yangu yote ya leo yanaelekea kwenye chumba kimoja cha hoteli, na naomba mnivumilie nikiwapeleka huko polepole.

Kwa wageni ambao hawajakisoma kitabu, nisimulie kwa ufupi. F. Scott Fitzgerald alikichapisha mwaka wa 1925, na visa vyake vinatokea kiangazi cha 1922, nje kidogo ya jiji la New York. Anayesimulia ni Nick Carraway, jamaa yake Daisy. Gatsby na Daisy walikutana Louisville, mji wa kwao Daisy, mwaka wa 1917. Gatsby alikuwa afisa wa jeshi ambaye ukimvua sare habaki na kitu. Daisy alikuwa msichana wa miaka 18 kutoka nyumba ya kitajiri. Walipendana, vita vikampeleka Gatsby Ulaya, naye Daisy akaolewa na Tom Buchanan, mwenye utajiri wa kurithi. Gatsby aliporudi alitafuta pesa kwa njia za giza. Wakati huo pombe ilikuwa imepigwa marufuku Marekani, na walioiuza kwa siri walineemeka haraka. Akanunua jumba kubwa mkabala na nyumba ya Daisy, ghuba ikiwatenganisha, na usiku alikuwa akisimama kuitazama taa ya kijani iliyowaka kwenye gati la akina Daisy. Akaanza kufanya karamu ambazo yeyote aliweza kuingia, akitumaini kwamba usiku mmoja Daisy naye angeingia.

Wanaomtetea nawapa haki yao kwanza, kwa sababu ushahidi wao si haba. Miaka mitano ni miaka mitano. Mtu huyu alisoma gazeti la Chicago kwa muda mrefu akitarajia tu kuliona jina la Daisy. Leo angekuwa anazifungua picha zake kwenye simu kila usiku kabla ya kulala. Alipoona Daisy hakuzifurahia karamu, alizizima zote mara moja, na watumishi akawaachisha kazi ili umbea usitoke nje. Gari lake lilipomgonga Myrtle Wilson, hawara wa Tom, na kumuua, aliyekuwa kwenye usukani ni Daisy, lakini Gatsby alikuwa tayari kusema ni yeye. Kijana mmoja wa kikao hiki aliniuliza tulipokuwa tukitoka, kwa uchungu kabisa, "Sasa mwanamume afanye nini zaidi ya hapo?"

Jibu langu ni hili. Angemuuliza. Pekueni kurasa zote: Fitzgerald hatuonyeshi mahali popote Gatsby akimuuliza Daisy miaka hiyo mitano ilikuwaje kwake. Ulilala vipi? Uliolewa ukiwa na moyo gani? Mumeo anakutendeaje? Sisi wasomaji tunajua mengi kumliko Gatsby. Tunajua kwamba siku moja kabla ya harusi Daisy alipokea barua, akalewa, akalia, akaishika ile barua hata ndani ya maji ya kuogea mpaka ikamomonyoka mkononi mwake. Hayo tunayapata kupitia kwa rafiki yake, Jordan. Mtu aliyedai kumpenda kuliko wote hatumsikii akiyatafuta.

Na sababu ya kutouliza ni kwamba majibu alikuwa nayo zamani, kabla hata ya kumjua Daisy. Hapa ndipo ninapoona Fitzgerald alikuwa mwandishi mkubwa kweli. Gatsby alizaliwa James Gatz, mtoto wa wakulima maskini wa Dakota Kaskazini. Baada ya kifo chake baba yake anakuja na kitabu cha zamani ambacho kijana huyo alikuwa ameandika ndani yake ratiba ya siku, ya tarehe 12 Septemba 1906: aamke saa 12 asubuhi, afanye mazoezi, asome, ajifunze kusema vizuri na kujisimamia mbele ya watu. Akiwa na miaka 17 alipiga makasia hadi kwenye mashua ya kifahari ya tajiri mmoja aitwaye Dan Cody, na papo hapo akajipa jina jipya. Kwa hiyo Jay Gatsby alikuwepo, na ndoto yake ilikuwepo, miaka mingi kabla ya Louisville. Kilichokosekana ni mtu wa kuikalia ile nafasi. Daisy alipotokea, nafasi ilikuwa imeshachongwa, na ilichongwa kwa vipimo visivyokuwa vyake.

Someni tena ile sehemu ya mara yake ya kwanza kuingia nyumbani kwa akina Daisy. Kinachomshangaza kwanza ni nyumba. Hajawahi kuingia nyumba nzuri namna ile. Anawaza vyumba vya juu vilivyo baridi na vizuri kuliko vingine. Kisha tunaambiwa kwamba wanaume wengi walikuwa wamekwisha kumpenda Daisy, na jambo hilo lilimpandisha thamani machoni pake. Tuwe wakweli, hilo hapa Nairobi tunalijua. Kuna kijana anayemtaka msichana kwa sababu mtaa mzima unamtaka, na siku akimpata, furaha yake kubwa ni nyuso za wenzake. Baadaye Gatsby mwenyewe ndiye anayetamka kwamba sauti ya Daisy imejaa pesa. Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu aliyegundua kwa nini sauti ile ilimvuta siku zote.

Wazee wetu walisema mwenye kupenda chongo huita kengeza. Methali hiyo watu huitumia kumcheka aliyepofushwa na mapenzi. Mimi naisikia tofauti. Aliyeiita kengeza ameliangalia lile jicho kwa karibu, amelijua lilivyo, akachagua jina la upole. Gatsby hakufika karibu kiasi hicho. Alasiri ile walipokutana tena, Nick anaona kwamba lazima kulikuwa na nyakati ambapo Daisy alipungukiwa na ile ndoto, wala halikuwa kosa lake. Ndoto ndiyo iliyokuwa imevimba kupita kiasi. Hata taa ya kijani ilipoteza maana yake siku hiyo. Miaka yote ile ilikuwa ni kitu cha ajabu, na sasa ikawa taa tu, kwa kuwa mwenye nyumba ya ng'ambo alikuwa amesimama kando yake. Ukimpenda mtu, kufika kwake hakukupunguzii kitu.

Nije kwa mtoto, kwa sababu mwezi uliopita tulimpita bila hata kumtaja. Daisy ana binti mdogo, Pammy. Analetwa sebuleni kwa muda mfupi, anawasalimu wageni, anarudishwa kwa yaya. Gatsby anaendelea kumtazama kwa mshangao, na Nick anahisi kwamba kabla ya hapo Gatsby hakuwa ameamini hasa kuwa mtoto huyo yupo. Jamani! Mwanamume amejenga ndoto ya maisha mazima na mwanamke, na katika ndoto hiyo mtoto wa mwanamke hana pa kulala. Ukipenda boga, penda na ua lake. Katika ukumbi huu wamo akina mama wanaolea watoto peke yao, na wanajua zaidi yangu. Mwanamume anaweza kuja na maua na maneno matamu, akatuma pesa kwa simu bila kuombwa, lakini mama humpima pale mtoto anapoingia chumbani. Uso wake unabadilika vipi? Gatsby alipimwa katika ukurasa ule mmoja, na sidhani hata alijua kwamba anapimwa.

Sasa twendeni hotelini.

Ni Plaza, New York, siku ya joto kali mno. Wamo watano: Daisy, Tom, Gatsby, Nick na Jordan. Ghorofa za chini kuna harusi, na muziki wa bibi harusi unawafikia wao walioko juu, ambao ndoa inawavunjikia mikononi. Gatsby anamwambia Tom kwamba mkewe hampendi na hajawahi kumpenda. Kisha anamgeukia Daisy: mwambie ukweli, mwambie hukumpenda kamwe, na yote yatafutika milele.

Tusipite haraka hapa. Tangu mwanzo Gatsby alikuwa amemweleza Nick anachotaka. Kwanza Daisy aende kwa Tom amwambie, sikukupenda hata siku moja. Akishaifuta miaka hiyo kwa sentensi moja, warudi Louisville waoane kutoka nyumbani kwao, kana kwamba ni 1917 bado. Nick alipomwambia kwamba yaliyopita hayarudiwi, Gatsby alishangaa, akasema bila shaka yanarudiwa. Kwa hiyo hapo hotelini hamwombi Daisy amchague. Anamwomba amfute yule mwanamke aliyeolewa mwaka wa 1919, akacheka siku nyingine, akalia siku nyingine, akazaa.

Daisy anajaribu. Anayasema, kwa kusitasita. Tom anamkumbusha siku fulani alipombeba ili viatu vyake visilowe, na Daisy anashindwa kuendelea, kwa sababu siku hiyo ilikuwepo. Ndipo anamgeukia Gatsby na kumwambia kwamba anataka mengi mno. Nakupenda sasa, anasema, hiyo haitoshi? Yaliyopita sina la kuyafanya. Nilimpenda Tom wakati fulani, lakini na wewe pia nilikupenda.

Hebu fikirini uzito wa maneno hayo. Mwanamke wa mwaka wa 1922, mumewe amesimama mbele yake, mashahidi wawili wako chumbani, anamwambia mwanamume mwingine kwamba anampenda sasa. Kama Gatsby alitaka penzi la Daisy, alilipata dakika ile, likiwa zima, likiwa na sauti. Miaka mitano ya kungoja ilikuwa imelipwa. Alichotakiwa kusema ni neno moja: inatosha.

Anasema nini badala yake? Analirudia lile neno "pia". Ulinipenda mimi *pia*? Amesikia neno moja tu katika maneno yote yale, na neno hilo limemuumiza kiasi kwamba "nakupenda sasa" limempita kando kama upepo. Kutoka hapo Tom anapata mwanya, anafichua pesa za Gatsby zinatoka wapi, na Daisy anaanza kurudi nyuma. Wengi husema Tom ndiye aliyempokonya Gatsby mwanamke mchana ule. Mimi nasema Daisy alikuwa ameshakataliwa kabla Tom hajazungumzia pombe. Kesho yake asubuhi bado Gatsby anamweleza Nick kwamba pengine Daisy alimpenda Tom kwa dakika moja tu, walipokuwa wageni katika ndoa, na hata wakati huo alimpenda yeye zaidi. Bado anapatana bei na historia ya mtu mwingine.

Najua mtaniletea usiku ule wa ajali, na mko sawa kuuleta. Gatsby amesimama gizani nje ya nyumba ya akina Buchanan mpaka karibu alfajiri, akilinda, Tom asije akamdhuru Daisy. Haombi kitu. Hapo ndipo anapokaribia upendo kuliko mahali pengine popote kitabuni, na kila nikipasoma pananigusa. Lakini tazameni mambo mawili. Nick anachungulia dirishani na kumwona Daisy na Tom wameketi jikoni, sahani ya kuku baridi na chupa mbili za bia mezani, wakizungumza kama watu wanaopanga jambo pamoja. Gatsby analinda dirisha ambalo hajui ndani yake kuna nini. Na la pili ndilo linaloniuma zaidi: kuna mwanamke amelala barabarani amekufa. Myrtle, mke wa fundi wa gereji, mwanamke aliyetamani kutoka katika vumbi lile kama Gatsby mwenyewe alivyotamani kutoka Dakota. Gatsby anazungumza kana kwamba la muhimu ni jinsi Daisy alivyolipokea tukio lile. Nick anakiri kwamba saa ile alimchukia kabisa. Penzi linalomfanya mtu asiione maiti iliyo mbele yake, mimi siwezi kulipigia makofi.

Fitzgerald aliyajua haya kwa mwili wake. Alikutana na Zelda Sayre mwaka wa 1918 huko Montgomery, Alabama, akiwa afisa wa jeshi. Zelda alivunja uchumba kwa kuwa hakuona maisha ya pamoja katika mapato yake. Riwaya ya kwanza ya Fitzgerald ilipotoka Machi 1920, walioana siku chache baadaye. Yeye tofauti na Gatsby alimpata msichana wake, na baada ya kumpata ndipo kazi ilipoanza: ulevi, madeni, na kuanzia 1930 maradhi ya akili ya Zelda na hospitali moja baada ya nyingine. Yalikuwepo mengi ya kulaumiana, na sitawafanya watakatifu. Lakini aliendelea kumwandikia barua na kulipa gharama za matibabu hadi alipofariki Desemba 1940.

Mbona naling'ang'ania jambo hili katika jiji hili? Kwa sababu Gatsby anapendwa sana na vijana wetu, na wanampendea kitu kibaya. Utamkuta kijana wa Umoja au Kayole ameachwa, naye anaapa: ngoja nijipange, nikishapata gari na nyumba atarudi mwenyewe. Najua anavyoumia, na kujipanga si dhambi. Lakini katika hesabu hiyo msichana hana sauti. Sababu zake za kuondoka hazikuandikwa popote. Labda hakuondoka kwa ajili ya pesa. Labda ameshapenda mahali pengine na ana amani. Anayerudi na gari bila kuuliza anarudi kwa picha aliyoiacha, naye yule msichana ameshaishi miaka kadhaa ambayo haimo kwenye picha.

Na kuna pale ambapo mambo huharibika zaidi. Tarehe 27 Januari 2024 barabara za katikati ya Nairobi zilijaa wanawake walioandamana kupinga mauaji ya wanawake. Sitamtwika Gatsby dhambi isiyo yake. Hakumwinulia Daisy mkono; mpigaji katika kitabu hiki ni Tom, aliyemvunja Myrtle pua. Lakini tukiwafundisha wavulana wetu kwamba kumng'ang'ania mwanamke miaka mitano bila kusikia anachosema ndiyo kilele cha mapenzi, tunawafundisha kwamba jibu lake ni kikwazo cha kuvukwa. Mwalimu anayewasomea vijana kitabu hiki ana nafasi ya kusimama kwenye kile chumba cha hoteli na kuwauliza: amesema nini huyu mwanamke? Nani amemsikia?

Nimalizie na Daisy, maana najua ndiko mtakakonishambulia. Ndiyo, alimwacha Gatsby abebe lawama ya ajali. Ndiyo, Gatsby alipopigwa risasi na mume wa Myrtle, Daisy hakutuma ujumbe wala ua, na mazishi yalikosa watu. Ni woga, na ni aibu, na mimi simsafishi. Ila katika chumba kile yeye ndiye aliyesema ukweli mzima: kwamba moyo wake ulikuwa na historia, na kwamba pamoja na historia hiyo alikuwa tayari kumpa Gatsby siku ya leo. Naamini angejibiwa "inatosha" angeondoka naye jioni ile. Mama Mwalimu hapo mbele anatikisa kichwa. Yeye anaamini Daisy asingeondoka kwa Tom hata angebembelezwa vipi, kwa kuwa alizoea ulinzi wa pesa za zamani. Basi tusibishane hewani. Maneno yenyewe yako katika sura ya saba. Mwenye nakala aifungue pale Daisy anapojaribu kuwasha sigara mkono ukimtetemeka, kisha anaitupa pamoja na kiberiti kinachowaka juu ya zulia. Tusome kutoka hapo, na dada mmoja asome sehemu ya Daisy.